Mama mkwe anataka kumpakata mtoto siti ya mbele mpaka Moshi, mume anataka siti ya mtoto igeuzwe. Nifanyeje?

BARUA

Anti shikamoo. Naomba usiweke jina langu maana mawifi zangu wanakusoma sana.

Mi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miezi tisa saivi. Tunaishi Kimara, mume wangu ni Mchagga wa Marangu kwa hiyo Desemba ikifika unajua mwenyewe, lazima tupande nyumbani. Mwaka jana nilikuwa mjamzito akaenda peke yake, ndo maana mwaka huu ukoo wote unamsubiri mtoto.

Gari yetu ni IST. Dada yangu anaishi Uingereza, alipokuja likizo akatuletea siti ya gari aliyokuwa anaitumia mwanae, ni ile kubwa inayokaa pande zote, mtoto akiwa mdogo anaangalia nyuma halafu baadae unaigeuza anaangalia mbele. Imeandikwa kilo 0 mpaka 18. Alitufundisha haraka haraka kuifunga akaondoka, mengine nimejifunza YouTube. Tunaifunga siti ya nyuma upande wa abiria, mtoto anaangalia nyuma.

Sasa shida. Mama mkwe yupo kwetu tangu Oktoba, alikuja kutibiwa magoti, na tunarudi naye. Halafu kuna wifi yangu mdogo yuko chuo hapa Dar nae anapanda na sisi, kwa hiyo ni watu wazima wanne na mtoto. Mama magoti yake hayakunji vizuri, lazima akae mbele na siti isogezwe nyuma mpaka mwisho, na ikisogezwa hivo inagonga siti ya mtoto, haikai kabisa. Tukajaribu kuihamishia nyuma ya dereva lakini mume wangu ni mrefu, akisogea mbele magoti yanafika kwenye usukani.

Mama anasema mbona rahisi tu, hiyo siti ibaki nyumbani, yeye atakaa mbele na mjukuu wake atampakata. Anasema mtoto hafungwi, mtoto anapakatwa, amelea sita na wote wapo hai. Jumapili tukienda kanisani mtoto alilia njia nzima, foleni ilikuwa imekamata pale Ubungo, mama akaniambia mfungue huyo mtoto nikakataa, basi akanyamaza mpaka tumerudi nyumbani na chakula hakula. Nilijisikia vibaya sana Anti.

Mume wangu yeye ana lake. Anasema tuigeuze siti iangalie mbele, itachukua nafasi ndogo na mama atapata pa kunyoosha miguu. Amenionyesha kwenye lebo imeandikwa kabisa kuangalia mbele ni kuanzia kilo 9 mpaka 18, na mtoto kliniki ya juzi ana kilo 9.4. Anasema pia akiona barabara hatalia, na akichoka bibi yake atampakata kidogo, mimi nitamnyonyesha, tutafika. Anasema yeye haendeshi kwa fujo na njia ile trafiki wenye tochi wamejaa, hakuna wa kukimbia.

Mi naogopa tu. Dada aliniambia mtoto asigeuzwe mapema ila hakunieleza kwanini, kwa hiyo tukianza kubishana sina cha kusema, naonekana mbishi na mtu wa kuiga mambo ya wazungu. Na mwenyewe kuna vitu sina uhakika navyo, siti ukiishika inacheza, mikanda inatokea chini kidogo ya mabega yake, miguu imekunjwa inagusa kiti na mama anasema ipo siku itavunjika. Nimewaza niseme sisafiri, au nipande basi na mtoto wao waende na gari, lakini najua itaonekana nimemkataa mama mkwe na mimi sina ugomvi nae, ananipenda, amenikandia mimi na mtoto nilipojifungua.

Nisaidie Anti.

Mama wa Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kijana. Barua yako nimeisoma taratibu kwa sababu ndani yake kuna mambo kama manne yamefungwa pamoja na kila mtu humo ndani ya nyumba amelishika moja. Mama ameshika magoti yake na kilio cha mjukuu. Mume ameshika lebo na heshima ya mama yake. Wewe umeshika hofu ambayo huna maneno yake. Ngoja tuanze na maneno, maana ukiyapata hata sauti yako itashuka mkiwa mnaongea.

Kwanza baba mtoto hajasoma vibaya na nakuomba umwambie hivo. Siti ya aina yenu imepimwa kwa kanuni ya zamani ya Umoja wa Mataifa inayoitwa R44, na kanuni ile ilihesabu kwa kilo, ikaruhusu mtoto aangalie mbele akifikisha kilo 9. Lakini mwaka 2013 ikaanza kanuni mpya, R129, ambayo imesema mtoto asigeuzwe kabla ya miezi 15, hata awe mzito kiasi gani. Sababu ni shingo. Mtoto wa miezi tisa kichwa chake ni kikubwa sana ukilinganisha na mwili, na mifupa ya shingo bado haijakomaa, sehemu kubwa ni gegedu laini. Gari ikigonga kwa mbele, na ajali mbaya nyingi ni za mbele, aliyekaa anaangalia mbele mwili unashikwa na mikanda ila kichwa kinaendelea kwenda, shingo peke yake ndo inakizuia. Akiangalia nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote vinaegemea siti kwa pamoja na nguvu inatawanyika. Sweden watoto wengi wanaangalia nyuma mpaka miaka minne hivi, na siti yenu yenyewe inaruhusu kuangalia nyuma mpaka kilo 13 kwa hiyo mwanao bado ana nafasi. Kilo 9 kwenye ile lebo ni mwanzo wa ruhusa, haimaanishi ndo muda mzuri wa kugeuza.

Na miguu, mwambie mama kwa upole kwamba miguu kukunjwa haimuumizi. Watoto wanakunja nne, wanaweka juu ya kiti, wanajitafutia wenyewe. Hata kwenye ajali shingo na kichwa ndo vinavyoogopwa zaidi kuliko mguu.

Sasa kupakata. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo kitu ambacho karibu sisi wote tumekulia na hakuna aliyekifanya kwa kukosa upendo. Mama alilea wakati ambao hizi siti hazikuwepo, alifanya kilicho bora kwa alichokuwa nacho. Ila mikono ya mtu ina kikomo. Gari ikiwa kwenye 50 tu, ule mwendo wa kupita vijijini, ikagonga na kusimama ghafla, mtoto anavutwa mbele kwa nguvu inayofika mara 20 mpaka 30 ya uzito wake. Kwa kijana wako ni kilo 200 na kitu, yaani mifuko minne mitano ya sementi inamchomoka mtu mkononi kwa mpigo, kabla hata hajajua kuna nini. Hakuna bibi wala baba mwenye misuli anayeweza. Na usije ukakubali ule ushauri wa kuzungusha mkanda mmoja mama na mtoto, mwili wa mtu mzima unambana mtoto kwenye mkanda, ni mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema siti hizi zinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71.

Siti ya mbele ina lake tena. Kama gari yenu ina eabegi upande wa abiria, lile puto la kumkinga mtu, gari ikigonga linafumuka kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa. Mtoto aliyepakatwa mbele anakuwa katikati ya puto na kifua cha bibi yake. Na hata siti ya mtoto inayoangalia nyuma haiwekwi mbele kabisa kama hilo puto halijazimwa, linapiga mgongo wa siti kichwa cha mtoto kikiwa hapo hapo. Hili nakuandikia moja kwa moja bila kuzunguka maana halina upande wa pili.

Mumeo kuendesha kwa utulivu ni baraka na mimi namuamini. Ila njia ile anaijua, malori yameharibika katikati ya lami yamewekewa majani ya miti tu, mabasi yanapishana kwenye milima, mbuzi wanakatisha. Tochi inampunguza kasi yeye, haimzuii mwenzake. Muulize kwa wema, sio kwa kumbana, yeye mwenyewe anafunga mkanda kwa sababu hajiamini?

Sasa nigeuke kwako mwanangu, maana na wewe kuna kitu umekichukulia kwamba kipo sawa. Umesema siti inacheza. Siti nzuri iliyofungwa vibaya inakupa amani ambayo haipo. Kabla hujapigania ikae kwenye gari hebu tuhakikishe inastahili. Mpigie dada yako umuulize, hiyo siti imewahi kuwa kwenye gari iliyogongwa? Hata kidogo? Kama ndio, hapana, usiitumie, plastiki inaweza kuwa na ufa usioonekana. Halafu igeuze chini utafute tarehe ya kutengenezwa, siti nyingi watengenezaji wanazipa kati ya miaka 6 na 10. Tafuta na lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, hiyo ndo alama kwamba ilipimwa kweli.

Ukishaifunga, ishike pale mkanda wa gari unapopita uitingishe, isicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi. Ikicheza zaidi mtu aikandamize kwa goti au kwa uzito wake wakati mwingine anavuta mkanda. Siti za Ulaya zina rangi, njia ya mkanda mtoto akiangalia nyuma ina alama za bluu, akiangalia mbele ni nyekundu, na watu wengi wanakosea hapo, mkanda umepita kwenye nyekundu na siti inaangalia nyuma. Angalia vizuri. Na kwenye gari ndogo za Kijapani wakati mwingine mkanda wa gari haufiki, siti kubwa inayoangalia nyuma inakula mkanda mrefu. Ukikuta hivo usiunganishe chochote, wala fundi asikushonee kipande, tafuta nafasi nyingine kwenye gari au siti nyingine.

Mikanda ya mtoto kutokea chini kidogo ya mabega, hilo umefanya sawa. Akiangalia nyuma inatakiwa itokee usawa wa bega au chini kidogo, siku akigeuzwa ndo inapanda juu ya bega. Ukishamfunga jaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili pale kwenye mtulinga, ukiweza kushika mkunjo bado umelegea. Angalia na mlalo wa siti, asikae wima sana mpaka akilala kidevu kinaangukia kifuani, pumzi inabanwa.

Kilio nacho tukiangalie kabla hatujasema hapendi siti. Umesema foleni, kwa hiyo joto, na siti ikiangalia nyuma jua linaweza kuwa linampiga usoni moja kwa moja. Kifungio cha kati ya miguu kinamfinya? Chuma cha kifungio kilikuwa cha moto? Nepi? Labda mkitundika kitambaa chepesi dirishani na mtu akakaa pembeni yake kilio kitapungua. Labda hakitapungua. Kuna watoto wanalia tu, na kilio kinachosha wote ila chenyewe hakimdhuru.

Haya, magoti. Nimeona kwenye barua yako kama vile mnachagua kati ya magoti ya mama na shingo ya mtoto, na mimi nauliza kama ni lazima. Mmejaribu mama akae nyuma ya dereva, pembeni ya mjukuu? Mtasema miguu. Lakini je mmejaribu siti ya mtoto ikae katikati nyuma, pale inapita kati ya siti mbili za mbele haigongi ya mtu? Inategemea mkanda wa katikati, kama ni wa kiunoni tu siti nyingi haziukubali, soma lebo ya pembeni. Ikikubali, mama anakaa mbele ananyoosha miguu na wewe na wifi mnajibana pembeni. Kujibana kwenyewe kuna bei yake, vifungio vya mikanda vinafunikwa na siti na watu wanaacha kufunga, na mtu mzima wa nyuma asiyefunga mkanda anaweza kuruka akampiga mtoto au akamkandamiza aliye mbele. Kwa hiyo wote mnafunga, na mama pia.

Njia nyingine ni wifi akae mbele siti ikiwa imesogea kidogo, mtoto nyuma yake, mama nyuma ya dereva, wewe katikati. Angalieni tu wifi asibanwe mpaka kifua kikakaribia dashibodi, pabaki angalau sentimita 25 sababu ya lile puto. Hapo mama anapata mjukuu karibu ila anapoteza nafasi ya miguu, labda mkisimama mara nyingi itavumilika, labda magoti hayatakubali, hilo anajua yeye na daktari wake. Au wifi apande basi, mkibaki watatu na mtoto gari inakuwa na nafasi, yeye ni kijana nauli mnaweza kumchangia. Au mnaazima Noah kwa ndugu. Hiyo ni hela na mafuta, na sijui mfuko wenu wa Desemba ukoje.

Basi uliloliwaza wewe, la kupanda na mtoto. Nalielewa lakini lipime, kwenye basi pia utampakata, kwa hiyo unakimbia kile kile unachokiogopa, na kule Marangu mnafika na maneno juu. Kusema husafiri kabisa nako kunaweza kukupa usalama wa siku moja na mwaka mzima wa kuelezea. Sikukatazi. Kuna mama aliyewahi kubaki na hakujuta. Nakuomba tu usilifanye ukiwa na hasira za ile Jumapili.

Kwa mama mkwe mwenyewe, sidhani anaipinga siti. Kwa ulivoandika namuona bibi aliyekukandia ukiwa mzazi, amekuja mjini anaumwa, na kitu alichokuwa anajua kukifanya vizuri, kumtuliza mtoto, ameambiwa asikifanye. Ile kutokula inaweza kuwa hasira, inaweza kuwa huzuni vile vile. Ukimpa kazi ndani ya gari je? Yeye ndo amshike mkono, yeye ndo ampe chupa mkisimama, yeye ndo aseme sasa tusimame mtoto amechoka. Na kusimama mtasimama, mtoto hatakiwi kukaa kwenye siti zaidi ya masaa mawili hivi bila kutolewa. Chalinze, kisha Mkata au Kabuku maana kipande cha mpaka Segera ni kirefu, Korogwe au Mombo, Same. Hapo anatolewa, ananyonya, bibi anampakata mpaka aridhike, na yale magoti yananyooshwa. Kunyonyesha gari ikitembea hapana mwanangu, hata akilia.

Nani aongee nae? Kwa kawaida mtoto wake wa kumzaa anasikilizwa zaidi, na likitoka kwa mumeo halitaitwa jambo la mkwe. Ila mumeo mwenyewe bado hajashawishika, kwa hiyo anza nae, wawili, usiku, mkiwa na hiyo lebo mkononi na haya ya kilo 9 na miezi 15. Akienda kwa mama hajaelewa, atasema tu mke wangu hataki, na hapo mambo yataharibika kweli. Kama mnaona mtakwama, muombeni nesi wa kliniki amweleze bibi siku ya kumpima mtoto, wazee wengi neno la kliniki wanalipokea.

Kule Marangu kuna baridi, mtamvalisha masweta. Kwenye gari mvue sweta nene kwanza, mfunge mikanda ikae karibu na mwili, halafu blanketi lije juu ya mikanda. Sweta nene linajaza nafasi, mkanda unaonekana umebana kumbe umelegea.

Chukueni siku moja kabla ya safari mjaribu mkao wote na watu wote ndani, na mizigo, sio alfajiri ya kuondoka. Kisha uniandikie mkanda wa katikati ni wa aina gani, na dada amesema nini kuhusu hiyo siti, nitakujibu kabla hamjaondoka.